Gharama za Prefe kwa Maisha Yake Yote

"Makadirio ya Gharama za Maisha Yote za Mbwa Watatu (3) wa Aina Tofauti, Pamoja na Pendekezo Moja Lenye Sababu." Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa juu ya karatasi ambayo Niyongabo aliileta kijiweni kwetu Gisimenti siku ya Alhamisi, saa nane na robo, ikiwa imekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya kofia ili isilowe jasho, jambo ambalo halikufaulu. Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la ushonaji la Shami, tunayemwita Sentimita kwa sababu hajawahi kuonekana bila utepe wa kupimia shingoni, hata siku ya Idi. Kahawa ni ya Kabagwira, aliyekulia Karagwe ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani na termosi mbili na jina la Mama Karagwe. Pale mwisho wa benchi, penye mto wa kukalia, ni pa mzee Sibomana, karani mstaafu wa ofisi ambayo imekwisha kuunganishwa na nyingine mara tatu. Yeye tunamwita Notere, ingawa hakuwahi kuwa notere, yaani mthibitishaji wa hati, bali alikaa meza ya jirani na notere kwa miaka kumi na tisa. Mimi nina kalamu na miwani, na pale Gisimenti hicho ni cheo.

Niyongabo: Wazee wangu, nisaidieni. Bosi anahama Jumamosi, anaenda Nairobi. Nyumbani iko mbwa tatu. Ameniambia nichague moja.

Sentimita: Bure?

Niyongabo: Bure kabisa. Na pesa ya kumtunza anatoa, mara moja tu, ya maisha yote. Ila lazima nimuandikie hii karatasi kwanza. Leo, saa kumi na moja.

Mama Karagwe: Ya leo hii?

Niyongabo: Ya leo, mama. Saa kumi na moja na nusu anakuja mtu wa ghala kule Masoro. Nisipofika na karatasi, huyo anachukua Prefe.

Ikabidi atueleze Prefe ni nani. Niyongabo ni mlinzi wa zamu ya usiku kwa Keith, mkaguzi wa hesabu aliyekulia Kampala na kujenga Rebero. Keith ana mbwa watatu. Tayson ni rotwaila. Biskuti ni chiwawa wa mkewe, Trinah. Wa tatu ni Jemani Shepadi, aliyepewa jina la Prefe, yaani mkuu wa mkoa, na mpishi mmoja wa zamani kwa sababu kila asubuhi huzunguka ua mzima, hutazama kila kitu, hafanyi lolote, kisha huenda kula.

Miaka sita Niyongabo na Prefe wamelinda lango moja. Mvua ikinyesha, wanakaa kibanda kimoja. Kwa hiyo kuchagua hakukuwa na utata wowote. Utata ulikuwa watu wa Masoro, ambao nao walimtaka huyo huyo Prefe, wamfunge mlangoni mwa ghala mchana na usiku.

Niyongabo: Mnyororo ni mita mbili. Nimeuona kwenye picha.

Sentimita alivua utepe wake shingoni, akapima mita mbili kwenye ukuta wa duka, akaweka alama ya chaki huku na alama ya chaki kule. Sote tukatazama. Haikuwa ndefu.

Mama Karagwe: Si umwandikie tu huyo bosi, "nataka Prefe," basi? Hayo mengine ya nini?

Notere: Mama, soma juu. Imeandikwa mbwa watatu. Kuna safu tatu. Bosi wake ni mkaguzi, mtu wa namna hiyo hata akinunua nyanya anataka bei za wauzaji watatu. Bon. Kwanza tuweke muda. Mbwa anaishi miaka kumi na miwili.

Sentimita: Nani kasema?

Notere: Ni muda unaotambulika.

Sentimita: Unaotambulika na nani, muzehe?

Notere: Unaotambulika. Andika kumi na miwili.

Nikaandika kumi na miwili. Nimegundua kwamba neno "unaotambulika" likishasemwa na mtu aliyevaa koti, hakuna anayebisha tena.

Tukaanza na chakula. Niyongabo alikuwa na hesabu yake kichwani, nzuri na fupi: kawunga ya mahindi, dagaa kidogo, mifupa ya kwa mchinjaji. Faranga mia saba kwa siku. Nikabonyeza simu: milioni tatu na elfu sitini na sita kwa miaka kumi na miwili. Chanjo na veterineri, elfu ishirini kwa mwaka, laki mbili na arobaini elfu. Jumla milioni tatu, laki tatu na elfu sita.

Niyongabo: Iko nyingi.

Mama Karagwe: Basi andika chiwawa ndiye rahisi. Kile ki-Biskuti kinakula nini? Kijiko kimoja.

Sentimita: Nani kakwambia? Huyo mimi namjua.

Mama Karagwe: Wewe? Wewe si humgusi mbwa?

Sentimita: Mbwa simgusi, nina udhu wangu. Lakini vipimo vyake ninavyo. Madamu Trinah aliniletea kwenye karatasi. Nimemshonea Biskuti sweta mbili, koti la mvua, na kitu kingine ambacho madamu alisema ni cha kulalia. Urefu wake sentimita thelathini na moja, bila mkia. Sasa mnafanya kosa moja kubwa, mnahesabu mbwa mzima mzima.

Notere: Ulitaka tuhesabu nusu?

Sentimita: Nataka tuhesabu kwa sentimita. Biskuti ana chakula cha mfuko, elfu nane kwa mwezi. Nguo, elfu sitini kwa mwaka. Gawanya kwa thelathini na moja. Bwana Kalamu, unapata ngapi?

Mimi: Elfu tano na thelathini na mbili kwa sentimita, kwa mwaka.

Sentimita: Haya, Prefe ana urefu gani?

Niyongabo alinyoosha mikono, akaipunguza kidogo, akaiongeza tena. Sentimita akapima hewa iliyokuwa katikati.

Sentimita: Mia na kumi. Gawanya.

Mimi: Elfu mbili, mia tatu ishirini na mbili.

Sentimita: Mmeona? Biskuti ni ghali zaidi ya mara mbili.

Notere: Lakini Keith hatoi pesa kwa sentimita, Shami. Anatoa kwa mbwa.

Sentimita: Kwani kitambaa unanunua kwa roho?

Hoja hiyo ikaingia kwenye safu ya chiwawa kama ilivyo. Mama Karagwe alimimina kahawa awamu ya pili, na nikajua kwa jinsi alivyofunga termosi kwamba naye amepata nadharia.

Mama Karagwe: Sasa nisikilizeni mimi. Ninyi mnahesabu mbwa anakula nini. Hamhesabu mbwa anazuia nini. Jirani yangu Mukashema alikuwa na shemeji, kila Jumapili anakuja na watoto wanne. Chai, sukari, mandazi, na mchele wa kuondokea. Elfu sita kila Jumapili, nimehesabu naye. Mwaka jana Mukashema akaleta rotwaila. Shemeji yuko wapi?

Sentimita: Yuko wapi?

Mama Karagwe: Anasalimia kwa simu! Jumapili hamsini na mbili, mara elfu sita, mara miaka kumi na miwili.

Mimi: Milioni tatu, laki saba na arobaini na nne elfu.

Mama Karagwe: Na rotwaila anakula ngapi?

Niyongabo: Tayson anakula ya mia tisa kwa siku.

Mimi: Milioni tatu, laki tisa na arobaini na mbili elfu.

Mama Karagwe: Toa moja kwa nyingine.

Nilitoa. Sikuamini, nikatoa tena. Rotwaila, kwa maisha yake yote, anagharimu faranga laki moja na tisini na nane elfu, yaani chini ya bei ya baiskeli. Notere alivua miwani yake, akaifuta, akasema kwamba katika utumishi wake wote hajawahi kuona mali inayojilipa namna ile isipokuwa mti wa mparachichi.

Niyongabo: Lakini mama, mimi wageni nawataka.

Mama Karagwe: Unawataka? Na Prefe anawafanyaje wageni?

Niyongabo: Anawapeleka mpaka mlangoni.

Mama Karagwe: Yewe! Basi wataongezeka. Watakuja kumwona. Bwana Kalamu, sukari ihamie kwa Prefe.

Niyongabo: Oya, mama, usiweke sukari!

Mama Karagwe: Mwanangu, hesabu ni hesabu. Sitaki useme baadaye Mama Karagwe alikudanganya.

Ikaingia. Prefe akapanda mpaka milioni saba na elfu hamsini, akiwa amelala zake Rebero, bila kufanya kosa lolote. Ilikuwa saa tisa na nusu. Niyongabo alianza kutazama simu yake, kisha barabara, kisha simu.

Notere: Kuna jambo la lugha. Huyo mbwa alilelewa kwa Kiingereza?

Niyongabo: Bosi anamwambia "sit", anakaa.

Notere: Na wewe unamwambiaje?

Niyongabo: Namuongelesha Kinyarwanda. Anasikia vizuri tu.

Notere: Anasikia kwa adabu. Siku bosi hayupo, ukimwambia jambo zito, itakuwaje? Itabidi mmoja wenu ajifunze. Kozi ya jioni, miezi mitatu, laki tatu.

Sentimita: Nani anasoma, mbwa au mlinzi?

Notere: Yeyote atakayefaulu mtihani wa kuingia.

Milioni saba, laki tatu na hamsini elfu. Nilidhani tumefika kileleni. Sikujua kwamba Notere alikuwa anapasha moto injini tu.

Notere: Sasa tuje kwenye heshima. Niyongabo, rafiki akikupa ng'ombe, unafanyaje?

Niyongabo: Nashukuru. Akizaa, nampelekea ndama.

Notere: Bon. Keith amekupa mbwa. Utampelekea nini?

Niyongabo: Ariko muzehe, Prefe ni dume.

Notere: Ndiyo maana ataoa.

Sentimita: Ataoa wapi?

Notere: Kwa watu wenye jike la Shepadi. Na watu hao hawawezi kumtoa mtoto wao bure. Mbuzi mmoja, elfu themanini. Halafu siku yenyewe kuna fanta, viti, na wasemaji wa pande zote mbili.

Mama Karagwe: Wasemaji wa nini? Mbwa hawaongei.

Notere: Ndiyo maana wasemaji watakodiwa. Weka laki mbili kwa yote, na hapo nimebana. Kisha mwisho wa karatasi kuna asilimia kumi ya mambo yasiyotarajiwa.

Sentimita: Baada ya hayo, muzehe, ni mambo gani yaliyobaki ambayo hatujayatarajia?

Notere: Ungeyajua, yasingeitwa hivyo.

Nikapiga mstari, nikajumlisha. Milioni nane, laki tatu na elfu tano. Kwa kuwa mimi hupenda kukamilisha mambo, nikagawanya kwa miezi pia, nikasoma kwa sauti bila kufikiri.

Mimi: Elfu hamsini na saba, mia sita sabini na tatu kwa mwezi.

Niyongabo alikunja na kukunjua kofia.

Niyongabo: Mimi nalipwa elfu hamsini na tano.

Pikipiki tatu zilipita, tukazitazama zote tatu. Sentimita ndiye aliyejaribu kwanza.

Sentimita: Basi wewe omba hiyo nafasi ya mbwa.

Niyongabo: Sha, Sentimita, mimi sichezi. Bosi akiona hii atasema nimekuwa mwizi. Atampa Masoro. Mumenisaidia mpaka nimempoteza.

Mimi: Tupunguze basi. Mama Karagwe, tutoe sukari?

Mama Karagwe: Sukari siitoi. Nitoe kitu ambacho ni kweli?

Mimi: Notere, harusi?

Notere: Kijana, mtu hawezi kupokea zawadi kubwa hivyo akakaa kimya kama jiwe. Harusi ni lazima. Tupunguze kwenye sentimita.

Sentimita: Sentimita haziko kwenye safu ya Prefe! Nyie mlikuwa hamsikilizi?

Wakaanza kugombana kwa heshima zote, kila mmoja akitetea gharama yake kama mwanawe. Saa kumi kasoro dakika tano. Kutoka kwetu mpaka Rebero kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, ni nusu saa kama barabara ni nzuri, na alasiri barabara haiwi nzuri. Niyongabo alisimama, akakaa, akasimama.

Wakati huo alikuwa ameshafika binti mmoja, Uwase, mgeni kabisa hapo kijiweni. Alikuja kuchukua mshanana wake, vazi la kujifunga la sherehe ya dada yake, ambao Sentimita aliahidi utakuwa tayari saa nane na ambao bado ulikuwa na pini. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akasikiliza mbuzi, sukari na Kiingereza. Hatimaye akainua kidole kidogo, kama mtu anayeuliza foleni inaishia wapi.

Uwase: Samahani. Huyo mbwa sasa hivi ana miaka mingapi?

Notere alinitazama. Mimi nikamtazama Sentimita. Sentimita akamtazama Niyongabo, na Niyongabo akatazama chini.

Mama Karagwe: Si ungetuambia, mwanangu. Ana mingapi?

Niyongabo: Sijui. Nilimkuta.

Sentimita: Ulimkuta mdogo?

Niyongabo: Nilimkuta vile alivyo.

Mimi: Piga umuulize Keith.

Niyongabo: Bosi hajui. Na yeye alipewa na watu waliokuwa wanahama. Madamu alishauliza siku moja kwa ajili ya chanjo, wakaandika "mkubwa".

Notere: Fomu imesema maisha yote. Haikusema yaliyobaki.

Uwase: Lakini yaliyokwisha si yameshaliwa, muzehe?

Notere aliishika fomu, akaisoma tena kuanzia juu. Miaka kumi na tisa kando ya meza ya notere haikumwonyesha mstari wa yaliyokwisha kuliwa.

Sentimita: Ana dalili gani? Meno? Mwendo?

Niyongabo: Mdomo umekuwa mweupe. Hapa na hapa. Usiku anasikia mtu akiwa karibu sana, zamani alikuwa anasikia tangu kona. Na ngazi za baraza, tangu Pasaka, namnyanyua.

Sentimita: Ngazi ngapi?

Niyongabo: Tatu.

Mama Karagwe alikuwa ameshika kikombe cha mtu, sikumbuki cha nani. Alikiweka chini.

Mama Karagwe: Bwana Kalamu. Toa ile sukari.

Nikafuta sukari.

Sentimita: Na Kiingereza toa. Wameshaelewana hao.

Hilo lilikuwa la Notere, lakini Notere hakupinga. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akajifutia mwenyewe harusi, mbuzi, viti na wasemaji, mstari ulionyooka kabisa, na pembeni akatia herufi za jina lake kuthibitisha kwamba aliyefuta ni yeye. Mambo yasiyotarajiwa aliyaacha kidogo, akayatazama, kisha nayo akayafuta. Chanjo zikabaki, na mia saba kwa siku.

Mimi: Mia saba mara ngapi, Niyongabo? Lazima tuweke namba.

Niyongabo: Wacha hapo.

Mimi: Safu haitajumlika.

Niyongabo: Andika mia saba kwa siku. Wacha hapo.

Nikaandika hivyo. Safu ya Tayson na safu ya Biskuti zilikuwa zimejaa mpaka pembeni. Ya Prefe ilikuwa na makovu ya wino na mistari miwili iliyosomeka. Notere akasema karatasi bila muhuri ni barua ya mapenzi tu, akatoa kwenye mfuko wa koti muhuri wa ofisi ambayo haipo na kidau cha wino kilichokauka. Alikuwa bado anakitemea mate kidogo kidogo, kwa subira ya mtumishi wa umma, wakati Niyongabo alipoivuta karatasi chini ya mkono wake, akaitia ndani ya kofia na kukimbilia moto iliyokuwa imesimama kona. Hakuaga. Mama Karagwe alimfuata na mandazi mawili kwenye gazeti, akayatupia mapajani mwake pikipiki ikiwa imeshaanza kwenda.

Notere: Imeondoka bila muhuri!

Uwase: Na mshanana wangu je?

Sentimita: Nusu saa, dada. Keti hapo. Mama, mpe mgeni kahawa.

Mama Karagwe: Imekwisha.

Niyongabo alifika Rebero saa kumi na dakika hamsini. Keith aliisoma karatasi akiwa amesimama kati ya maboksi, akatoa faranga laki mbili na kamba ya Prefe, na mtu wa Masoro alipokuja akapewa Tayson. Biskuti alikwenda Nairobi na Trinah. Mbwa mkubwa hapandi moto, kwa hiyo Niyongabo alitembea na Prefe kutoka Rebero mpaka huku kwetu Remera, na njiani walipumzika mara tisa.